Siku Kompyuta Ilipomuuliza Baba Mkwe Maswali

Sasa nacheka, lakini siku ile ningepata shimo pale kanisani Siakago ningejitumbukiza na viatu vyangu vipya.

Ubaya wangu ni udadisi. Mume wangu alituletea kompyuta kuukuu kutoka Nairobi, ofisi yao ilipokuwa ikiondoa za zamani, nami (mwalimu wa sayansi, siwezi kuona swichi nikaiacha) nikaanza kuchapa maisha ya baba mkwe, maana kanisa lilikuwa limepanga ibada ya kumshukuru Mungu kwa umri wake na yeye mwenyewe aliomba habari zake zisomwe. Kila alasiri alikuja, akaketi, akasimulia, nikachapa. Kwetu mke wa mtoto hamhoji baba mkwe kuhusu ujana wake, anasikiliza tu, kwa hivyo maswali yaliyoniwasha niliyatia kwenye mabano, nikisema nitayafuta baadaye.

Stima nayo ilikuwa ikipotea ovyo, nikaogopa kazi yote iende nayo. Nikasoma kwenye kitabu kwamba unaweza kuiagiza mashine inakili faili zako yenyewe kila ikiwashwa. Basi Ijumaa nikaweka nakala ya kwanza kwenye disketi, nikaandika amri, nikawasha: taa ikawaka, disketi ikakoroma, ikasema faili moja limenakiliwa. Nikajipigia makofi. (Limetoka wapi likaenda wapi, sikujiuliza, mimi ninayeuliza kila kitu.) Kumbe nilikuwa nimeandika amri kinyume.

Jumamosi nilishinda nikifuta mabano, hata moja halikubaki. Jumapili asubuhi nikaiwasha mashine, nayo kwa utiifu wake ikachukua nakala ya Ijumaa kutoka kwenye disketi ikaifunika kazi yangu yote, na mimi kengele inalia, mtoto hajavaa soksi, nikang'oa karatasi kwenye printa bila kusoma hata mstari.

Aliyepewa kusoma ni Njeru, mzee wa kanisa, mtu asiyeruka hata nukta. "Akamuua simba kwa mkuki mmoja," akasoma, kisha kwa sauti ile ile, "Wiki jana simba huyu alikuwa fisi."

Kanisa zima likaangua kicheko. Nikampungia Njeru mkono aache, akadhani nyuma hawasikii, akapaza sauti.

"Akaenda Kangeta kununua miraa, akakaa huko miaka miwili. Mbona akifika hapa anakohoa na kuomba chai? Kulikuwa na nani Kangeta?"

Hapo hakuna aliyecheka. Baba mkwe aliinamia kofia yake magotini. Niliona aibu mpaka masikio yakaniuma, kwa sababu mzee alikuwa ameniamini mimi, si Njeru, si kanisa.

Mama mkwe akasimama polepole. "Njeru, hapo ruka. Hiyo nitauliza mimi."

Walirudi nyumbani wakitembea wawili mbele, nami nikawafuata kwa umbali wa kuweza kusikia (Mungu anisamehe), nisisikie kitu.

Baada ya hapo mzee hakuja tena. Wiki ikaisha, mwezi ukaisha, kiti chake kiko pale pale. Nilimkosa kweli, na aliyemfukuza nilimjua. Nilirekebisha ile amri, nikaifuta kabisa, lakini hilo lingemrudisha nani?

Halafu alasiri moja nikamwona amesimama mlangoni.

"Mama Ireri, hiyo mashine bado inajiandikia yenyewe?"

"Hapana, baba. Niliitoa hiyo."

"Wewe izime tu."

Nikaizima.

"Na waya?"

Nikauchomoa ukutani. Ndipo akaketi, akaniambia ya Kangeta mwanzo mpaka mwisho, na kwa mara ya kwanza nikamuuliza kwa mdomo wangu, naye akanijibu, yote. Sikuandika hata herufi moja. Niliapa sitaandika, kwa hivyo na nyinyi msiniulize.