Marashi Yasiyofunguka

Kabla hujasema huyu kijana ana mchezo, jua kwamba ungekuwa karibu nami sasa hivi ungenusa mapera na pasheni, na leo sijajipaka kitu. Haya yalinipata mimi mwenyewe, si mambo ya kusimuliwa. Niamini.

Nilikuwa nauza marashi Nsambya, mtaa mmoja huku kwa Waganda, kwenye baraza ya duka lililofungwa. Vita vilikuwa vimekwisha si zamani. Nilitoka Busia, upande wa Kenya, na sanduku la chupa na ndoto kibao. Nilikuwa na mchumba, Furaha, msichana wa Kikongo aliyeshona magauni jirani na mimi. Tulishakubaliana kuoana. Hata rangi ya mapazia tulishabishania, unaweza kucheka.

Kulikuwa na chupa moja niliyoipenda kuliko zote. Yale marashi yakigusa ngozi, kwanza yanatoka matunda, matamu hadi unasikia njaa. Ukizungukazunguka kidogo asumini inaingia, polepole, kama mgeni mwenye adabu. Mwisho hubaki vanila, nzito, kama shuka aliyojifunika mama yako. Lakini lazima ngozi iwe na joto. Bila joto hayafunguki. Ndiyo maana nilikuwa nampaka mteja, namwambia aende zake sokoni, kisha arudi anuse tena.

Jioni moja ya mvua akaja dada mmoja amevaa gomesi ya manjano, lile gauni la Kiganda la mabega yaliyosimama. Nikampaka kwenye kifundo cha mkono, nikajipaka na mimi ili alinganishe. Wangu ukanukia. Wake, kimya. Niliinama hadi pua ikamgusa: baridi, na hakuna kitu, kana kwamba nimepaka jiwe. Akanusa mwenyewe. Machozi yakamtoka.

"Mimi sina mahari," akasema.

Sasa wewe ungeelewa nini? Mimi nilidhani binti wa watu analia kwa kuwa hajatokea wa kumtolea mahari. Moyo wangu nao ni laini, nikataka tu acheke kidogo.

"Usilie, nyabo," nikamwambia, yaani bibie kwa Kiganda. "Mimi nitakupa."

Akaniuliza kama nasema kweli. Nikaitikia. Akaushika mkono wangu palepale nilipojipaka, baridi ikapanda mpaka begani. Nilipopepesa macho hakuwepo. Baraza ilikuwa imelowa yote, na nyayo zilizokuwa pale ni zangu peke yangu.

Nilimsimulia mama mwenye nyumba wangu, Muganda wa makamo, nikitaraji atanicheka. Hakucheka. Alinitaka nirudie neno la yule dada, nikarudia.

"Kijana, huyo hakutaka ng'ombe," akasema. "Alitaka mahari pa kurara. Wengi wa vita hawajazikwa mpaka leo."

Mahali. Unaona? Wenyeji wengi hapa huchanganya r na l, na mimi nilikuwa najua, kila siku nilikuwa nawatania kwa hilo hilo.

Tangu hapo harufu haijanitoka. Asubuhi matunda, mchana asumini. Ila jua likizama, pale ilipotakiwa kuja vanila, unakuja udongo mbichi, ule wa kaburi lililochimbwa sasa hivi. Nimejisugua kwa majivu, nimeombewa kanisani hadi wachungaji wakachoka. Furaha alidhani nina mwanamke. Nikamweleza, akaniamini, akavumilia miezi. Halafu jioni moja akaegemeza kichwa kifuani pangu, akakiondoa taratibu.

"Nakupenda," akasema, "lakini siwezi kuolewa kaburini."

Ameolewa Luzira sasa. Sanduku la chupa niliuza.

Basi wewe unayesoma, mtu akikulilia shida yake, usimwahidi kitu kabla hujamwuliza vizuri anataka nini, hata kama ni utani. Mimi bado ni mtu wa kucheka, wanaonijua watakwambia. Lakini nikifika kitandani najibana ukingoni, maana ile nafasi nyingine ina mtu, naye hakuivamia. Nilimpa mimi, kwa mdomo wangu.