Shairi Lililopoteza Mistari

Mwezi uliopita nilikuwa Changamwe, katika duka la kompyuta, nikingoja kuchapiwa barua. Akaingia mama mmoja wa makamo. Bintiye aliyeko Uingereza hakuwa amemwandikia tangu wagombane, lakini mama alikuwa amesikia kwamba binti huyo ametunga shairi katika baraza la intaneti la watu wa Pwani.

Mwenye duka, mtu wa bara, alilipata, akakuna kichwa. "Pole, mama. Baraza limehamishiwa programu mpya, na mashairi yote yamevurugika. Hakuna mistari wala beti. Ni maneno yamejazana tu, na alama za kuuliza katikati."

"Nisomee vivyo hivyo, mwanangu. Polepole."

Akalinakili kwenye ukurasa mtupu, akaanza kusoma kwa kukwama. Mama alifumba macho, kidole kikigonga meza kuhesabu mizani.

"Hapo shuka mstari," alisema.

Alilipanga shairi zima kwa masikio, na hakukosea hata kina kimoja. Mwenye duka alibonyeza kila alipoambiwa, kama mwanafunzi. Mwishoni tukaona:

Tangu tulipokosana, moyo wangu waniuma,
Sasa nataka kuona, uso wako tena mama.

Mama akafumbua macho, akasogeza kiti. "Nionyeshe pa kujibia."

Nasikia mafundi wa programu ile bado wanaitafuta mistari iliyopotea. Ningewaelekeza kwa mama yule, ila mwenye duka ameniambia wiki hii mama hana nafasi. Jumamosi anakwenda uwanja wa ndege kumpokea bintiye.