Matanga ya Mchungaji wa Amerika

Naona haya hata kuanza, lakini afadhali mnicheke mkiisikia kwangu mimi Roda mwenyewe kuliko mpate ile inayosimuliwa Jeddah, ambayo imeshaongezwa chumvi.

Nafanya kazi za nyumbani hapa Riyadh kwa madam mmoja ambaye bintiye, Lujain, anasomea fasihi ya Kiingereza chuo kikuu. Kila alasiri nikipiga pasi jikoni huja kuketi nami, anaweka simu mezani na simu inamsomea kitabu (mimi nilidhani ni redio, nani aliniambia siku hizi vitabu vinajisoma?). Siku hiyo sauti ilikuwa ikieleza habari za mchungaji wa kijiji fulani Amerika, mkewe amekufa, ukame umemaliza mahindi ya waumini, na kila Jumapili anapanda mimbarini kumhubiri Mungu ambaye moyoni haamini tena kama yupo. Aki nilisikiliza mpaka kanzu ya babake Lujain ikaanza kunuka moshi.

"Lujain, huyu mtu hana wa kumsaidia?"

"Hana, maskini," akasema, na macho yake yalikuwa na machozi kweli.

Mimi nami, badala ya kuuliza swali moja tu zaidi, nikaingia kwenye kikundi chetu cha maombi cha simu, sisi wanawake Wakenya wa Riyadh na Jeddah, nikatuma sauti: wapendwa, kuna mtumishi Amerika anazama. Weh! Mama Shiro wa Bani Malik kule Jeddah, kiongozi wetu, akatangaza mfungo. Mwanaidi wa Kwale (ni Mwislamu, yumo kwa urafiki tu) akasema naye atamwombea dua. Hata Beatrice wa Kandara, ambaye hajawahi kusema neno humo, akatuma ombi refu huku analia.

Wiki iliyofuata nikamuuliza Lujain mchungaji anaendeleaje.

"Amekufa," akasema huku akitafuta chaja. "Kwenye theluji, peke yake."

Basi Ijumaa mchana tukakutana kwa video, leso kichwani, tukaimba, Mama Shiro akahubiri, kisha nikaombwa, kama mtu wa karibu wa marehemu, niseme mawili matatu. Nimeanza tu, Lujain akaingia kuchukua maji.

"Roda, nani amekufa?"

"Si ni yule mchungaji wako!"

Akanitazama, akatoka, akarudi na kitabu akakiinua mbele ya simu. "Ni riwaya. Wamarekani hawa wanaandika maisha kama yalivyo, ndiyo maana unaamini. Lakini huyu hajawahi kuishi."

Mwanaidi akaangua kicheko, na Mama Shiro akauliza, "Yaani Roda, tumefunga kwa ajili ya karatasi?" Nilitamani sakafu inimeze.

Beatrice peke yake hakucheka. "Mimi niliacha kuomba tangu mamangu azikwe nyumbani na kafili, mwajiri wangu, akanikatalia kusafiri," akasema. "Kwa huyo mzee ndio nilianza tena. Chekeni tu, lakini mimi siachi."

Vicheko vikakatika. Mama Shiro akajifuta uso. "Haya, tumalize ibada. Tumwombee Beatrice, huyu angalau yupo."

Tukamwombea, na mimi nililia kuliko wote, nusu kwa huruma, nusu kwa aibu. Tangu hapo nimeapa: kabla sijafungisha watu njaa, nitauliza kwanza kama mwenye shida amezaliwa. Lujain ameanza riwaya nyingine, ya mtawa mwenye kifua kikuu. Akiifungua tu, mimi natoka kwenda kuanika nguo.