Maanguko Kumi na Mawili

Watu wakisikia kwamba nilipata mkanda mweusi wa judo Lubumbashi, miaka ile ya Zaire, hunipongeza na kutaka niwaeleze. Huwa nawaeleza habari za baridi ya mwezi wa saba, za turubai tulilolitandika juu ya unga wa mbao kwa sababu mikeka ya kweli hatukuwa nayo, za mwalimu Mzungu aliyetupigia makofi kama watoto wa chekechea. Nao hucheka na kuridhika. Leo nitasema sehemu ninayoirukaga siku zote, na wala sidanganyiki kwamba kuisema kutanipunguzia kitu.

Nililelewa na yaya wangu. Yaya, kwetu, ni yule aliyekutangulia kuzaliwa, na wangu alikuwa kaka aliyenitangulia kwa miaka tisa. Baba alipokufa yeye ndiye aliyeingia kazini kwenye kampuni ya shaba, akapewa nyumba kwenye kambi ya wafanyakazi, akatuchukua mama na mimi. Kalamu niliyoandikia ilitoka kwake, bukari, ugali wetu, niliyokula ilitoka kwake, na mpaka ndevu zinaniota nilikuwa bado navaa suruali alizozichoka. Alikuwa mwendesha kreni kwenye kiwanda cha kuyeyushia. Alikaa juu kabisa, ndani ya kizimba, akipitisha vyungu vya shaba ya moto juu ya vichwa vya wenzake, na kazi yote ilifanywa na mkono wa kulia kwenye vile vyuma vya kuongozea. Wenzake walisema wakiwa chini ya mkono ule hata kutazama juu hawatazami.

Yeye ndiye aliyeniingiza kwenye judo pia. Mwalimu alikuwa fundi wa umeme, na alifundisha jioni katika ukumbi wa wafanyakazi, chini ya picha ya Rais. Alitufundisha kwamba mkanda mweusi haupatikani kwa kupigana tu. Lazima uonyeshe kata mbele ya watahini: mitupo kumi na mitano, kwa mpangilio usiobadilika, kila mmoja ukifanywa upande wa kulia halafu wa kushoto. Wanaingia watu wawili. Mmoja anatupa, mwingine anaanguka mara thelathini. Anayetupa ndiye anayepewa mkanda. Anayeanguka anashukuriwa, wakikumbuka.

Zamu ya yaya ilipofika, mimi ndiye niliyeanguka. Niliangushwa mwaka mzima, na niseme kweli, niliipenda kazi ile. Mwili wangu ulikuwa mwepesi, mkono ulipiga turubai wenyewe kabla sijafikiri. Mama alikuja siku ya mtihani na kitambaa kipya kichwani, akafurahi kwa sauti. Mkubwa kumwangusha mdogo hakukumsumbua hata kidogo. Yaya alifungwa mkanda wake, na usiku wote ule kambi nzima ikawa inampa mkono.

Kisha ikaja vita ya Kolwezi, mwalimu akaondoka na Wazungu wenzake, na klabu ikabaki ya kusuasua. Wenye mikanda ya kahawia kama mimi walitawanyika, mmoja Likasi, mwingine kwenye duka la viatu kule Kenya, mtaa wa mjini kwetu, wengine sikujua walikokwenda. Nilibaki sina mtu wa kuniangukia. Yaya akasema ni zamu yake, ataanguka yeye.

Niseme pia kwa nini niliutaka mkanda ule. Sikuutaka kwa afya wala kwa nidhamu, kama ninavyowaambia watu. Niliutaka kwa sababu nilichoka kuwa mdogo. Nilitaka kitu kimoja duniani ambacho hakikutoka mkononi mwake, na sikuona aibu kwamba hata hicho nilikuwa namwomba yeye anisaidie kukipata.

Mama alikuja mara moja kututazama tukijizoeza, Jumapili baada ya kanisa. Nilimwinua yaya kiunoni na kumtupa vizuri, akagonga turubai. Mama akajifunika uso kwa kitenge, akatoka. Nyumbani hakunisemesha siku mbili. Siku ya tatu aliniuliza kama siku hizi mtu anamwinua mkubwa wake na kumbwaga mbele ya watu, halafu anarudi kula kwenye sahani yake.

Kuanzia hapo sikumtupa tena kwelikweli. Nilimwinua, nikamzungusha, halafu nikamshikilia koti na kumtua polepole, kama mwanamke anavyotua ndoo ya maji. Upande wa kulia mara nyingine nilijisahau nikamwachia. Upande wa kushoto, ambao mimi mwenyewe nilikuwa mzito, nilimtua kila mara. Alinigundua upesi.

"Weye unaniweka chini kama mutoto," akaniambia. "Tupa."

Nikasema ndiyo yaya, na mtupo uliofuata nikamtua vilevile. Niliona namheshimu. Nilisahau jambo ambalo mtu wa judo hapaswi kusahau: anayeanguka hujifunza kwa kuangushwa, hana njia nyingine. Ukitupwa upande wa kushoto, mkono wako wa kulia ndio unaobaki huru, na lazima uuzoeze kupiga chini wote kwa pamoja, kiganja mpaka bega, usijaribu kujikinga. Yeye aliwahi kuyajua hayo, ila miaka ya kutupa wengine ilikuwa imemwondolea mazoea, na mimi kwa upole wangu nikahakikisha hayarudi.

Watahini walikuwa watoke Kinshasa. Mara ya kwanza hatukuwaona, ndege ilikosekana. Mara ya pili tukaambiwa ni sherehe za chama. Mara ya tatu wakaja, watu watatu wenye abakosi, zile suti za serikali zisizo na tai, mkubwa wao akiwa na miwani minene. Ilikuwa Jumamosi, tulikuwa tumetoka kwenye salongo, ile kazi ya lazima ya kila Jumamosi, kufagia mifereji ya kambi, na nikakumbuka dakika ya mwisho kwamba miguu yetu ilikuwa na tope. Tukanawa haraka kwenye bomba. Mkuu wa watahini akatuita citoyens, yaani wananchi, akasema tuanze.

Nilikuwa naogopa. Mtu akiogopa, heshima huwa ya kwanza kumtoka. Nilimwinua yaya kwa mtupo wa kwanza nikambwaga kama adui, na nikaona macho yake yameshtuka. Miezi minane nilikuwa namtua kama ndoo. Alijirekebisha, akainuka, tukaendelea. Kulia, kushoto. Niliona naenda vizuri. Nilimwona yule mwenye miwani akiandika, na moyo wangu ukapanda.

Mtupo wa tisa ni ule wa kumwinua mwenzako kwa paja, mguu wako ukipita katikati ya miguu yake. Wa kulia ulikwenda. Wa kushoto nilimwinua juu sana, na wakati anashuka akatoa mkono wa kulia mbele kujikinga. Nikasikia mlio. Ulikuwa mdogo na mkavu, kama kijiti unachokivunja kuwashia mbabula, jiko la makaa. Watahini walikuwa mbali, kwenye meza yao, hawakusikia. Mimi nilikuwa nimemshika, nikausikia kwa masikio na kwa mikono.

Akainuka. Desturi ya kata ni kwamba baada ya mitupo mitatu kila mmoja anarudi upande wake, mkipeana migongo, mkinyoosha makoti, halafu mnageukiana tena. Nilimwona alipogeuka: alikuwa amenyoosha koti kwa mkono wa kushoto peke yake, na uso wake ulikuwa wa rangi ya majivu. Tuliposogeleana nikamtazama. Akasema chini kwa chini, neno moja.

"Endelea."

Ilibaki mitupo sita, kulia na kushoto, maanguko kumi na mawili. Na hii mitupo ya mwisho ndiyo mibaya, kwa sababu anayetupa anajilaza chini na kumrusha mwenzake juu yake. Mwenzake lazima ajiviringishe kwa mkono wake, bega, mgongo, asimame tena. Nilikuwa na muda wa kufikiri, asije mtu akadhani sikuwa nao. Nilifikiri kwamba nikiinua mkono na kusema mwenzangu ameumia, watafunga madaftari. Nilifikiri watarudi mwakani, au wasirudi. Nilifikiri mwaka mmoja tena wa kuwa mkanda wa kahawia ndani ya nyumba yake. Yote hayo niliyafikiri wakati nikikaza koti langu, halafu nikamshika nikamrusha.

Nilihesabu. Anguko la kwanza alijiviringisha na kusimama wima. La tatu alisimama akiyumba kidogo, akajituliza. La tano mkono ulikuwa umeanza kuning'inia. Mwangukaji lazima akukamate ukosi kwa mkono wa kulia kabla hujamtupa, na kuanzia hapo vidole vyake vililala tu juu ya koti langu, havikushika kitu. Nami nikajifanya vimeshika. La nane nilimsikia akivuta pumzi kwa meno. Kila aliposimama alinitazama usoni, nami nikatazama ukosi wake. La kumi na mbili lilipokwisha tukapiga magoti, tukainama, kata ikawa imekwisha.

Mwenye miwani akasimama kunifunga mkanda. Alisema nitupe kwa nguvu hivyo hivyo siku zote. Alisema pia kwamba mwangukaji wangu alikuwa na utulivu ambao Kinshasa wenyewe hawana. Yaya akanipigia makofi kwa kupiga paja lake kwa mkono wa kushoto. Kisha akatoka nje, akakaa kwenye toroli la salongo lililoachwa mlangoni, akaanguka kutoka hapo akiwa amezimia.

Hospitalini daktari alituonyesha picha ya mfupa dirishani. Alisema ulikuwa ufa, kitu cha plasta na majuma sita ya kupumzika, lakini mtu ameendelea kuupiga mpaka umesagika kwenye kiwiko na mshipa wa fahamu umekatwa. Akamuuliza yaya alianguka mara ngapi baada ya kusikia maumivu.

"Haiko mara mingi," yaya akasema. "Ilivunjika ku mwisho. Ile ya mwisho kabisa."

Daktari akanigeukia mimi. Mimi nikatazama ukuta. Mke wa yaya alipofika akaambiwa hivyohivyo, na mama pia, na tangu siku hiyo ndivyo habari ilivyokaa katika ukoo wetu: ulikuwa mtupo wa mwisho, bahati mbaya tu. Mama alikufa akiamini hivyo. Aliniombea msamaha kwa yaya mara nyingi, akifikiri nalilia bahati mbaya.

Kiwiko kiligandia kimekunjwa. Vidole viwili havikusikia tena moto wala baridi. Hakuna atakayempa mtu wa namna hiyo vyungu vya shaba ya moto. Walimweka uwanjani kufagia, halafu kwenye kitabu cha wanaoingia na kutoka langoni, lakini kuandika kwa kushoto kulimshinda. Mwisho wakamwambia akapumzike. Nyumba ya kambi ilikuwa ya mfanyakazi, naye hakuwa mfanyakazi tena. Wakahamia Annexe, pembezoni mwa mji, ambako watu walikuwa wakijikatia viwanja na kulima mahindi kati ya nyumba za matofali mabichi. Mimi wakati huo nilishapata kazi ya ualimu na chumba changu mjini. Nilifundisha judo msimu mmoja. Nikiona mtoto anatupwa upande wa kushoto nilikuwa natapika, kwa hiyo nikaacha, nikasema ni mgongo.

Kwenda kumwona nilikwenda mara chache, na kila mara nilitafuta sababu ya kuondoka mapema. Mara moja nilimkuta shambani, mwezi wa kumi na mbili, mvua zimekaza. Alikuwa ameubana mpini wa jembe kwapani mwa mkono ule mbovu na kulisukuma kwa wa kushoto. Majirani wawili walikuwa wamesimama kando ya mtaro. Aliponiona uso wake ukang'aa, akawaambia:

"Huyu mudogo wangu. Njo ceinture noire."

Wakanipa mkono kwa heshima. Mmoja akauliza kama ni kweli mtu wa mkanda mweusi anaweza kuwashinda watu watano, na yaya akajibu kwa niaba yangu, kwa kirefu, akicheka. Nilisimama pale na viatu vyangu vya ualimu nikitamani anitukane. Walipokwenda zao nilishindwa kuvumilia. Miaka kumi na moja nilikuwa nimefunga mdomo, na sijui kwa nini ulifunguka siku ile. Nikamwambia kwamba siku ya mtihani nilisikia. Nilisikia mfupa ukivunjika kwenye ule mtupo wa paja, si wa mwisho, nikaendelea nikijua.

Hakuacha kusukuma jembe mara moja. Alimaliza udongo uliokuwa mbele yake.

"Nilijuaka," akasema.

Nikamuuliza kwa nini basi aliniambia niendelee. Akanitazama usoni, vilevile kama alivyokuwa akinitazama kila anaposimama.

"Juu ulikuwa unataka. Miye yaya yako, ningesema nini? Lakini kila mara nilikuwa nasimama, nilikuwa nangoya useme tuache."

Hakulisema kwa hasira. Akaniuliza watoto wangu wanaendeleaje shuleni, nikamjibu, na nadhani nilimjibu vizuri. Tuache. Neno lenyewe ni hilo moja, nilikuwa nalo mdomoni tangu anguko la kwanza, na nililimeza mara zote kumi na mbili.