Kadenasi ya unga na furu la umeme

Mke wangu anaokea watu wa parokia keki, na kwa miaka mingi alizioka kwa makala, yaani makaa: makala chini ya sufuria, makala tena juu ya kifuniko. Furu la umeme, yaani oveni, tulilinunua Kasumbalesa, mpakani. Lilikuwa na mkwaruzo ubavuni, na niliuzungumzia mkwaruzo ule mpaka muuzaji mwenyewe akaanza kulionea furu lake huruma. Lilipofika nyumbani lilikaa jikoni bila kazi, tunapanga vikombe juu yake. Sikukubali lichomekwe kwenye prizi ya kawaida. Jirani yetu hapa Naviundu alichomeka la kwake, na leo prizi yake ni shimo jeusi lililofunikwa na kalenda.

Furu linataka njia yake peke yake: waya mnene kutoka kwenye kofre, lile sanduku la umeme ukutani karibu na mlango wa mbele, hadi jikoni, na dijonkteri yake, swichi ya kulizimia. Waya nilikwenda kuununua mwenyewe mjini. Muuzaji alinitolea mmoja ulionona vizuri kwa nje.

"Papa, mimi sitapitisha umeme kwenye plastiki," nikamwambia. "Chuna kidogo nione shaba."

Akachuna. Shaba ilikuwa nyembamba kama ya redio. Akaingia nyuma, akarudi na waya wa milimita sita za kweli, na hakuna aliyemwomba mwenzake radhi.

Wa kuufunga alikuwa shemeki wangu, mdogo wake mke wangu, fundi wa umeme kwenye mgodi. Alikuja Jumamosi mchana. Keki ya komunyo ya kwanza ilitakiwa kesho yake asubuhi, na umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri. Yeye alifurahi.

"Shemeki, bahati yetu. Courant haiko, tutumike mbio."

"Zima kwanza dijonkteri kubwa."

"Tuzime nini? Courant haiko!"

Mjini kwetu ndivyo watu wanavyofanya. Umeme ukikatika, mafundi wanashika nyaya kana kwamba kampuni imezima kwa ajili yao.

"Ku mine munafanya hivi?" nikamuuliza.

"Ku mine unazima, unatia kadenasi yako, funguo mu mufuko. Lakini ku mine kuko shefu."

"Na hapa shefu ni miye."

Nikaishusha dijonkteri kubwa, ile ya nyumba nzima. Akafunga ncha ya waya kwenye kofre huku nikimmulikia tochi. Tulipotaka kuhamia jikoni kwa ncha ya pili, nikatoa kadenasi, ile kufuli ya sanduku la unga wa keki, nikafunga nayo mlango wa kofre, nikautikisa mara mbili. Funguo nikaitia mfukoni. Shemeki alicheka mpaka akashika ukuta.

"Bantu ya Naviundu, mukuye muone! Muntu anafungia giza na kadenasi! Anaogopa batamwibia!"

Mke wangu alikuwa uani anapiga mayai, hakusikia kitu.

Shemeki alikuwa amelala kwa tumbo nyuma ya furu, shaba tupu mkononi, mtaa ulipopiga kelele: "Couraaant!" Kila nyumba ina taa inayoachwa imewashwa ili itoe habari umeme ukirudi. Za majirani ziliwaka, yetu haikuwaka. Kwetu hiyo ina maana moja: dijonkteri imeruka, na aliye karibu anakwenda kunyanyua kila iliyoshuka. Haulizi mtu. Mke wangu akaingia kwa mlango wa mbele, na tukasikia kofre likitikiswa.

"Papa! Kadenasi ya unga inafanya nini huku? Funguo iko wapi?"

Shemeki akaitazama ile shaba. Akailaza chini polepole, kama mtu anayelaza mtoto aliyepata usingizi kwa taabu.

"Yaya, achia," akamwambia dada yake.

"Bantu yote beko na courant, siye tu hatuna! Keki ya bantu ni kesho!"

"Yaya. Achia hiyo kintu."

Sauti ndiyo iliyomleta. Alisimama mlangoni mwa jikoni na mchapo wake unaodondosha mayai, akamwona mdogo wake sakafuni, akauona waya. Akakaa juu ya sanduku la unga.

Shemeki akaninyooshea mkono. "Leta funguo. Mwenye kushika waya njo anashika funguo."

Nikampa. Akaitia mfuko wa shati, akafunga kifungo, akagusa. Akagusa tena.

Alimaliza bila mzaha. Alikaza kila skrubu, akapeleka waya wa ardhi, ule wa kijani na manjano, kwenye chuma kilichochimbiwa uani, halafu akafungua kofre mwenyewe, akanyanyua dijonkteri kubwa, kisha ya furu. Taa nyekundu ikawaka. Keki ilivimba vizuri, ikafika kanisani kabla ya watoto.

Kadenasi aliondoka nayo, pamoja na funguo. Nimemdai mara mbili. Mke wangu amenunua nyingine ya unga, na amesema mara ya tatu nisimdai.