Miche Iliyorudishwa Mlangoni

Niliondoka nyumbani kwenda Morogoro kwa sababu miti yangu ilikuwa haishiki. Hiyo ndiyo sababu, wala sitaipamba. Zilikuwa enzi za ruksa, biashara imefunguliwa na serikali imeanza kupunguza wafanyakazi, na katika ofisi yetu ya misitu ya wilaya, Manyoni, tulikuwa wanne wakati waliotakiwa kubaki ni wawili. Bosi aliniita, akafungua faili langu, akanisomea mstari mmoja tu: miche ya Bibi Misitu huyu haishiki. Akanikumbusha miarobaini hamsini niliyopanda kwa Mzee Ntandu, ambayo mzee yule aliing'oa yote kabla mvua haijakatika. Nilimpeleka mahakama ya mwanzo. Hakimu alipomuuliza kwa nini, alikaa kimya, akawekwa ndani wiki mbili.

"Nenda kajifunze," bosi akasema. "Ukirudi bila cheti, na bila mpango wenye miti inayosimama, usije ukanilaumu."

Jumapili nilipanda treni nikiwa na begi moja, kofia yangu ya kazi na hasira. Miaka kumi na miwili nimelinda misitu, halafu eti nikasome! Njiani abiria mwenzangu aliniuliza naenda kusomea nini. Nikaitoa barua, nikamsomea: usimamizi jumuishi na endelevu wa maliasili. Akafikiri kidogo, akauliza, "Ndiyo nini?" Nikamwambia nitamjibu nikirudi.

Jumatatu asubuhi, Morogoro. Sisi wa Manyoni mlima tunauona kwa mbali, tena tukiwa na bahati. Pale milima ya Uluguru imekaa nyuma ya mji kabisa, na nusu yake ya juu ilikuwa ndani ya wingu. Nilipata chumba cha gesti Mwembesongo. Mwenye gesti aliniambia kwamba mpangaji wake wa miaka mingi alikuwa fundi kiwandani. Kiwanda kimesimama, na sasa fundi anauza mitumba pale pale mlangoni. Nilinunua kwake sweta la kijani kwa ajili ya baridi ya huko juu. Alinihudumia vizuri, lakini kila nilipomuuliza bei alitazama kwanza saa ya mkononi, kama mtu anayesubiri king'ora cha kuingia kazini.

Wiki nzima ya kwanza tulikaa darasani. Mwalimu wetu, mtu mpole mwenye chaki nyingi, aliandika ubaoni: jumuishi, shirikishi, endelevu. Akasema maji yameshikana na udongo, udongo na miti, miti na mifugo, na vyote hivyo vimeshikana na watu. Nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, kama kila kitu kimeshikana na kila kitu, mtu anaanzia wapi?"

"Anza popote," akasema.

Niliandika "anza popote" kwenye daftari, nikapiga mstari chini yake, na kuanzia hapo sikuelewa tena. Zamani tulifundishwa kuulinda msitu dhidi ya watu. Sasa tunaambiwa tuulinde pamoja na watu. Tuliambiwa tusiwafundishe wakulima, tuwasikilize. Halafu tukapewa miche ya migrevilea tukaipande kwao. Nilimuuliza jirani yangu wa dawati kama yeye ameelewa. Akasema ameelewa sana, kisha akaomba kunakili daftari langu.

Zoezi la kumaliza mafunzo lilikuwa hili: kila mmoja akakae siku kumi kwenye kaya moja milimani, achore ramani ya shamba, apande miti, arudi na mpango uliotiwa saini na mwenye shamba. Mimi nilipangiwa Mgeta.

Jumatatu iliyofuata nilipanda na lori lililokuwa likienda tupu kupakia kabichi za Dar es Salaam. Miche yangu thelathini, kila mmoja katika kiriba chake, nilikuwa nimeipakata kwenye kreti. Barabara ilipinda mpaka nikaacha kujua mbele ni wapi. Dereva aliniambia kwamba siku hizi kila mwenye lori ananunua kwa anayemtaka na kumwacha asiyemtaka. "Wakulima wamechanganyikiwa," akasema akicheka. Nikajisikia nafuu kidogo kwamba siko peke yangu.

Lori lilipofika mwisho wa njia nilitembea saa nzima kwa miguu, kreti kichwani. Mwenyeji wangu aliitwa Tadei, lakini watu wote walimwita Baba Skola, kwa jina la binti yake mkubwa. Alinipokea kreti kabla hata ya salamu.

"Serikali imerudi kununua kabichi?" akauliza.

"Hapana. Nimekuja kujifunza."

"Kujifunza? Kwetu?" Akamtazama mkewe, mkewe akanitazama mimi. Tukaingia ndani kula viazi.

Siku ya pili mpaka ya tano nilifanya kila kitu nilichoambiwa. Nilizunguka na Baba Skola kwenye shamba lenye mwinuko mkali kiasi kwamba nilipalilia nikiwa nimepiga goti moja. Nilimuuliza ekari, mbolea, mazao, udongo unaoporomoka mvua ikizidi. Alinijibu yote kwa heshima. Nilipomwonyesha mstari wa kupanda migrevilea ili izuie udongo, alisema, "Sawa, bibi. Mtaalamu ni wewe." Niliandika: mkulima amekubali. Mama Skola alikuwa nyuma yetu muda wote na jembe lake, nami nikamwona kama mtu anavyoona mlango wa nyumba ya watu. Siku ya tano jioni tulipanda miche yote thelathini. Nililala nikiwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu bosi anifungulie faili.

Siku ya sita asubuhi nilifungua mlango nikaikuta miche yangu. Ilikuwa imepangwa mlangoni, yote thelathini, kila mmoja na udongo wake, mizizi imefungwa kwa majani ya mgomba na kulowanishwa maji. Hakuna hata mmoja uliovunjika.

Nilisimama pale sijui nilie au nicheke. Mtu mwenye chuki angeikata, na mwizi angeichukua. Ni nani anayeng'oa mti kwa upole hivyo?

Baba Skola alitoka, akaangalia miche, akaangalia mlima.

"Labda nguruwe pori," akasema.

"Nguruwe wanafunga mizizi kwa majani ya mgomba?"

"Wa huku wasumbufu sana," akasema, akachukua jembe akaenda zake.

Nilikasirika. Nikaona faili langu, nikaona Mzee Ntandu, nikaona mwenzangu wa ofisini akihamia kwenye meza yangu. Nikaanza hata kuandika barua kwa mtendaji wa kijiji. Kalamu ilikwama kwenye jina: nimshitaki nani?

Saa nne hivi nilimfuata Mama Skola mtoni alikokuwa akiosha karoti za kupeleka kwenye lori. Nilikaa kwenye jiwe. Aliendelea kusugua, kisha akasema bila kuinua macho, "Nimeing'oa mimi, dada."

"Kwa nini, mama? Nimekukosea nini?"

"Lile shamba si la Baba Skola. Ni la lukolo wetu, ukoo wa kwa mama yangu. Yeye analima kwa kuwa amenioa mimi. Kabichi alime, viazi alime, vitu vya kuja na kuondoka. Mti hauondoki. Akipanda mti ni kusema hapa ni kwangu, na kesho wapwa zake watakuja kusema huu mti wa mjomba wetu. Mjomba wangu alipita jana jioni akawaona mnapanda. Akasema, ikifika Jumapili miti bado iko pale, mume wako akatafute shamba kwao." Akaitupa karoti kwenye kikapu. "Angekosa shamba yeye, na mimi ningekosa mume."

"Mbona hamkuniambia?"

"Yeye amwambie mgeni wa serikali kwamba shamba si lake? Aibu. Na mimi hukuniuliza. Ulimuuliza yeye ekari ngapi. Hukuuliza la nani."

Niliona haya mpaka masikio yakapata moto. Mimi mwanamke mzima, nimemruka mwanamke mwenzangu siku tano huku nakula viazi vyake!

Alasiri ile ile Mama Skola alinipeleka kwa mjomba wake. Nilimwamkia shikamoo, nikaomba radhi. Alikuwa mzee wa maneno machache.

"Miti siikatai," akasema. "Namtazama mpandaji."

Siku ya saba miche ile ile iliingia kwenye mashimo yale yale. Mama Skola aliipanda kwa mkono wake, Skola akashindilia udongo, na Baba Skola akateka maji mtoni akipiga mluzi, kama mtu aliyeshushiwa mzigo. Mimi nilishika kamba ya mstari. Niliutazama udongo kwa makini: haukubadilika kitu. Mwalimu alisema kila kitu kimeshikana. Hakusema kimeshikana kwa fundo lisiloonekana.

Siku ya kumi Mama Skola alitia dole gumba kwenye mpango wangu. Niliporudi darasani, mwalimu aligeuza karatasi huku na huku. Nilikuwa nimeandika mwenye shamba kuwa ni ukoo, mpandaji mke, mlimaji mume, na fomu ilikuwa na nafasi ya jina moja. "Andika nyuma," akasema hatimaye, naye amechanganyikiwa. Vyeti tulipewa wote, hata waliosinzia.

Nilirudi Manyoni kwa treni ile ile. Orodha ya wanaobaki kazini ilipotoka jina langu lilikuwamo, nikashukuru Mungu. Lakini sikulala vizuri. Wiki moja baadaye nilikwenda kwa Mzee Ntandu bila kofia yangu. Ulikuwa msimu wa tatu wa mvua tangu kesi ile.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Hakuniambia nikae.

"Nimekuja kuuliza. Lile shamba nililopanda miti, lilikuwa la nani?"

Alinitazama. Kisha akaita ndani, nikaletewa kigoda.

"La watoto wa marehemu kaka yangu. Nalilima nikiwatunzia mpaka wakue. Ningeacha miti yangu isimame pale, ningekuwa nimewaibia yatima."

"Na hakimu alipokuuliza?"

"Mahakama ilijaa watu. Niseme pale kwamba shamba halina mwenyewe mtu mzima? Wangelimega kabla sijatoka."

Akanyanyuka, akanipeleka nyuma ya zizi. Miarobaini ilikuwa imesimama kwa safu, mirefu kuliko paa la nyumba. Ni ile ile niliyoiandika kuwa imekufa. Aliihamishia kwenye kiwanja chake, akaimwagilia, na akalala ndani wiki mbili ikiwa hai. Somo zima la Morogoro lilikuwa swali moja, na nilikuwa nimelichelewesha miaka mitatu. Nilimwambia, "Nisamehe, baba."

Aliinama akang'oa gugu shinani mwa mti mmoja. Nilihesabu miti kwa mazoea ya kazi, nikapata thelathini na nane.

"Kumi na miwili ililiwa na mbuzi," akasema Mzee Ntandu, kama vile yeye ndiye anayeomba radhi.