Kuvuka Mpaka na Mdogo Wangu

Nilikuwa nimevuka mpaka mmoja tu wa nchi kavu maishani, ule wa Horohoro kwenda Mombasa. Pale mtu hushuka na mzigo wake, hupanga foleni, hugongewa muhuri, na siku ikiwa mbaya huulizwa anakwenda kwa nani na atarudi lini. Kwa hiyo mwaka juzi, nilipopandishwa basi mjini Munich, Ujerumani, kwenda Salzburg, Austria, nilikaa na pasipoti mkononi njia nzima. Nilisubiri kizuizi, au askari, au hata kamba. Milima ikaanza, kijani tupu, na ng'ombe wanono kama wale wa Kwai, kwetu Lushoto. Nikasubiri tena. Mwishowe nikamuuliza mama mmoja jirani yangu, kwa Kiingereza changu cha sekondari, mpaka uko wapi. Akanyoosha kidole nyuma. Tulikuwa tumeshaupita.

Mdogo wangu alikuwa ananisubiri stendi ya Salzburg. Akaniambia shikamoo kaka, nikaitikia, kisha tukashikana mikono muda mrefu. Nilimwacha kijana mwembamba. Sasa mbele yangu alisimama mzee mwenye kitambi na miwani.

Nilikuwa nimekuja Ujerumani na wazee wenzangu wa kanisa, wageni wa usharika rafiki. Ziara ilipokwisha niliomba ruhusa nikamwone ndugu yangu kabla ya ndege ya kurudi. Yeye asingeweza kunifuata Munich, alisema kwenye simu, kwa sababu ya karatasi.

Habari ya karatasi ilikuwa kubwa kwetu. Mdogo wangu aliondoka kijijini kwetu Mgwashi kwenda Austria kusomea ufundi. Kozi ikaisha, yeye akabaki. Kibali chake kikaisha pia. Tangu hapo alituambia kwamba akitoka hataruhusiwa kurudi, na akionekana ovyo atakamatwa. Tulimwelewa. Kanisani kwetu mama alisimama kila mara wakati wa maombi akaomba karatasi za mwanawe, mpaka watoto wa shule ya Jumapili wakawa wanaliombea neno hilo bila kujua ni kitu gani. Mama akaugua, akafa, tukamzika bila yeye. Hakuna aliyemlaumu. Na aliyetaka kulaumu, mimi nilimnyamazisha.

Mimi ndiye niliyesema pia kwamba kaburi lisijengewe. Katika ukoo wetu kaburi la mzazi hujengewa na watoto wote. Kila mmoja huweka karai lake la zege kwa mpangilio wa kuzaliwa, na mtoto wa mwisho ndiye anayefunga. Mtoto wetu wa mwisho alikuwa Austria. Nikasema tutamngoja. Dada yetu, anayenifuata mimi, alikataa. Alisema mvua za huku kwetu hazimngoji mtu, na kweli kila masika udongo ulikuwa unateremka kwenye shamba la kahawa, sisi tunaurudisha kwa majembe. Siku moja alisema mbele ya watu kwamba mtu hakosi njia ya kwenda kwao. Nikamjibu kwamba ana mdomo wa gulioni. Tangu siku hiyo hakukanyaga kwangu.

Jambo hilo ndilo lililonipeleka Salzburg. Nilitaka mdogo wangu aniambie kwa mdomo wake kama kuna tumaini la kuja, na kama lipo, ni lini, ili mama yetu alale chini ya kitu kigumu.

Alinitunza vizuri, sitamnyima hilo. Mkewe ni mtu wa kule, mpole, alinipikia wali akauunguza akacheka. Tulitembea kando ya mto. Tulikula mapeasi, akasema ya Lushoto ni magumu zaidi lakini yana ladha. Kila nilipotaja kaburi alisema, "Tutaongea, kaka." Sikumbana. Nilidhani ni huzuni.

Siku ya kurudi alisema atanisindikiza hadi Munich. Nikakataa. Nilimwambia nimekuja peke yangu na nitarudi peke yangu, yeye asijitie matatani kwa ajili ya kubeba begi la mzee. Akacheka, akasema hakuna shida. Tulipanda wote, yeye akakaa dirishani, mimi kwenye ujia. Nawaambia kweli, basi lilipoondoka nilikuwa na furaha kuliko siku zote za safari ile. Nilijiona ninapendwa. Mtu asiye na karatasi anavuka mpaka kwa ajili yangu. Nilipanga kumsimulia dada, nimuone atasema nini.

Baada ya mwendo mfupi basi likapunguza kasi, likaacha barabara kuu na kuingia kwenye uwanja uliojengewa turubai kubwa. Wakapanda polisi wawili, kijana na binti, wa Ujerumani. Wakaanza mbele, siti kwa siti.

Nilimtazama mdogo wangu, naye alikuwa anaangalia simu yake. Nikadhani amekufa ganzi. Nikamnong'oneza kwa Kishambaa kwamba mlango wa nyuma uko wazi, kuna watu wanavuta sigara chini, ashuke taratibu kama mmoja wao. Mimi nitawashika hawa. Hakunielewa, akaniuliza, "Unawashika akina nani?" Lakini mimi nilikuwa nimeshasimama.

Nikaziba ujia na mwili wangu wote. Nikawaamkia polisi kwa Kiingereza, nikaanza kuwaeleza kwamba mimi ni mgeni wa kanisa, natoka Tanzania, kwetu ni milimani. Binti akaomba pasipoti. Nikajipapasa mfuko ambao nilijua haimo. Alipoanza kunipita nikashika kifua, nikajilegeza kwenye kiti cha jirani, nikaguna. Sikuwahi kuigiza tangu mchezo wa Krismasi nikiwa darasa la sita, lakini niliigiza vizuri, maana yule kijana alinishika bega na mtu mmoja akaleta maji.

Ndipo nikasikia sauti ya mdogo wangu nyuma yangu, ya chini, ya hasira.

"Kaka, kaa. Unaniaibisha. Mimi ni raia wa hapa."

Akawapa polisi kijitabu chake juu ya kichwa changu, akaongea nao Kijerumani. Sijui aliwaambia nini. Wakatabasamu, wakaangalia pasipoti yangu pia, wakanitakia afya njema, wakaendelea na wengine. Nilibaki na chupa ya maji ya mtu mkononi.

Basi likaondoka. Nikamuuliza tangu lini. Akasema tusiongelee ndani ya basi. Nikamwambia humu hakuna anayetuelewa, angalau kwa hilo tumshukuru Mungu. Nikamuuliza mara ya pili.

"Mama alikuwa hai," akasema.

Akaendelea, akitazama nje, kama mtu anayesoma maneno kwenye kioo. Alisema mwanzoni ilikuwa kweli kabisa. Aliishi kwa kujificha, alilala kwa marafiki. Kisha akaoa, akapata kibali, na baadaye uraia. Alitaka kutuambia siku ileile. Lakini wiki hiyo nilimpigia mimi nikamwambia usharika mzima unafunga na kuomba kwa ajili yake, naye akaona haya kusema kwamba kibali alishakipata tangu zamani. Akasema atasema mwezi ujao. Halafu akazoea. Kuja nyumbani kungekuwa na wageni, na maswali, na kila mtu na shida yake, na yeye si tajiri kama tunavyodhani. Kusema hana karatasi kulimaliza yote.

"Kwa hiyo Mungu alijibu," nikamwambia, "ila wewe hukutupa majibu."

Alicheka kidogo, bila kutaka. Kisha akasema jambo ambalo ningependa asingelisema. Alisema aliwahi kuja, mama akiwa bado hai. Si kwetu. Alikuja na wenzake wa kazini kupanda Kilimanjaro. Basi lao kutoka Dar es Salaam lilisimama Mombo watu wale. Alishuka akanywa chai. Magari ya Lushoto na Bumbuli yalikuwa pale pale yanaita abiria, na mpiga debe mmoja alimwita mjomba akamuuliza kama anapanda. Mdogo wangu alivuta kofia yake ikafika kwenye nyusi. Juu mawingu yalikuwa yamefunika milima. Walipoondoka, kabla ya Mazinde, alibadilishana siti na mwenzake, akakaa upande usio wa mlima.

Ninaijua Mombo. Mtu akipanda gari pale asubuhi, mchana anakula kwa mama yangu. Barabara inakunja na kukunja hadi Soni, kisha unashika ya Bumbuli, na ukishuka kwetu mama angekuwa ameshasikia gari.

"Ulifikaje mpaka Mombo ukanywa chai?" nikamuuliza. Najua lilikuwa swali la kijinga. Lilikuwa ndilo pekee lililokuja.

"Mama hakuwahi kuniuliza nitakuja lini," akasema. "Miaka yote ile ya simu. Aliniuliza nimekula nini, kuna baridi kiasi gani. Nikajisemea amezoea. Angeniuliza mara moja tu, kaka, ningekuja."

Hapo ikawa zamu yangu kutazama nje. Kwa maana mama hakuuliza kwa sababu mimi nilimkataza. Simu zilipigwa kwangu, Jumapili baada ya ibada, sauti tukiifungulia wote tusikie. Nilimwambia mama kwamba kule polisi husikiliza simu za wageni, na kwamba akimuuliza mwanawe habari za kuja, itabidi ataje karatasi, na atakamatwa. Mdogo wangu hakuniambia hivyo. Alisema neno dogo la tahadhari, mimi nikaliongezea mkia, kwa kuwa nilipenda kuwa mtu anayejua mambo ya Ulaya. Mama alinitii. Kila mara kabla ya kushika simu alinitazama kwanza, kama mtoto anayengoja ruhusa, kisha anauliza habari za chakula.

Ningeweza kunyamaza. Tulikuwa tumeshaingia Munich, nyumba zinasogea, watu wanavaa makoti. Alikuwa amenisaliti na mimi nilikuwa na haki ya kumwacha abebe mzigo wote. Nilitamani kufanya hivyo. Lakini nilikuwa nimeshachoka na mambo yasiyosemwa, nikamwambia. Nilimwambia yote, na lile la polisi kusikiliza simu.

Alinigeukia. Sijawahi kutazamwa vile na mtu niliyemlea.

"Kwa nini ulimwambia hivyo?"

"Kwa sababu nilikuamini."

Basi likasimama. Alilishusha begi langu, akanipeleka mpaka kwa mwenyeji wangu wa kanisa aliyekuwa ananisubiri, akamsalimu. Kabla ya kuachana akaniuliza nitawaambia nini nyumbani. Nikamwambia nitawaambia kwamba kaburi litajengewa kiangazi hiki. Akauliza, "Na mimi?" Nikasema njia anaijua, maana ameshafika nayo hadi Mombo. Lilikuwa neno kali na nililisema kwa makusudi. Hadi leo sijui kama najuta.

Nilipofika Mgwashi nilikwenda kwa dada kabla hata ya kwenda kwangu. Nilimweleza akiwa anachambua maharage, naye hakuacha kuchambua. Niliposema nilimkosea, akasema ndiyo, nilimkosea. Kisha akauliza kama kweli nilishika kifua mbele ya polisi. Nikakubali. Akacheka mpaka akafuta macho kwa khanga, na sikuweza kujua ni wakati gani kicheko kiligeuka.

Mifuko ya saruji ilipanda na gari la mbogamboga lililokuwa linarudi tupu. Usiku wa kuamkia kazi mdogo wangu alipiga simu. Akasema shikamoo kaka, nikaitikia marahaba, kwa kuwa salamu haikataliwi. Akaomba tumngoje hadi Desemba, ameshaanza kuulizia tiketi. Huenda ilikuwa kweli. Nikamwambia mchanga umeshachekechwa na fundi anaanza alfajiri. Akaomba nimsalimie dada.

Kulikuwa na ukungu na baridi ya Julai. Niliweka karai langu, dada akaweka lake, wakafuata wengine. Ilipofika zamu ya mwisho fundi akasimama na karai limejaa, akatutazama mmoja mmoja, kwani alikuwa anajua desturi yetu. Hakuna aliyenyoosha mkono. Zege lilikuwa linaanza kukauka. Dada akanitazama mimi, mkubwa wao, niseme.

Nikamwambia fundi amwage.